Niliombewa Moyo wa Mama, Nikakataa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema kwa sauti ndogo kwa sababu sina nyingine, lakini nasema kwa moyo wote.

Mchungaji ameniomba nisimame leo kwa kuwa Alhamisi nahitimu darasa la kumi na mbili. Aliniambia niwaeleze jinsi Bwana alivyonifariji baada ya kifo cha mama yangu. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Ndugu zangu, sitalisema, kwa sababu si kweli. Sijafarijika. Mama yangu alikufa na leo bado amekufa. Lakini Bwana ameniokoa na kitu kingine, na hicho nitakisema, hata kama wengine humu ndani hamtakipenda. Nimekiandika ili woga usinifanye niruke mambo.

Wengi mnatujua. Sisi ni Warundi wa kambini, Tanzania. Nilizaliwa kule, nikasoma chini ya turubai, siku nyingine mwalimu yupo, siku nyingine hayupo. Tulipofika Sydney nilikuwa msichana mkubwa nisiyeweza kusoma sentensi ya Kiingereza. Waliniweka darasani na watoto niliowazidi umri, wakanicheka. Mama hakuwahi kukanyaga darasa maisha yake yote, lakini jioni alikuwa akikaa nami mezani nikifanya kazi za shule. Hakuelewa chochote. Alikuwa akichambua maharage yake, na nikiacha kuandika ananitazama.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Basi andika."

Hiyo ndiyo elimu aliyonipa, na ilinifikisha hapa.

Halafu akaumwa. Ugonjwa sitaueleza. Alilazwa hospitali, akarudi nyumbani, akalazwa tena, na mara ya mwisho hakurudi.

Siku ya mazishi, akina mama wa kanisa hili mlinikumbatia mmoja mmoja. Mkaniambia, "Pole, jikaze. Sasa wewe ndiye mama." Najua mlisema kwa upendo. Kwetu msichana wa kwanza akifiwa na mama yake huambiwa hivyo, na ni heshima. Lakini ndugu zangu, hamkuishia pale! Mlianza kuniita hivyo. Jumapili iliyofuata, pale mlangoni, mzee mwenye mvi akanipa mkono: "Mama, habari za nyumbani?" Mdogo wangu Bonheur yuko shule ya msingi, na Divine ndiyo kwanza ameanza. Mkawashika mabega mkawaambia, "Mtiini mama yenu." Divine alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "Huyu si mama." Mkacheka. Mimi sikucheka. Katika kanisa zima siku ile, mtu aliyesema kweli alikuwa Divine.

Mwanzoni mlileta chakula, masufuria yakajaa jikoni kwetu hadi sakafuni. Nawashukuru, na nasema bila kinyongo. Kisha masufuria yakarudi kwa wenyewe, mimi nikabaki.

Baba anasafisha maofisi mjini. Anaondoka jioni kwa treni, anarudi asubuhi tukiwa tunatoka. Mwaka mzima baba hakusema kitu. Alikuta chakula, akala. Alikuta nguo zimefuliwa, akavaa. Sikumlaumu, nilidhani ndivyo wanaume wanavyolia. Lakini nguo hizo zilifuliwa na mtu, ndugu zangu, na mtu huyo alikuwa na mtihani wa hesabu.

Siku moja shuleni kwa Bonheur waliita wazazi. Nilienda nikiwa na sare yangu ya shule. Nikakaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, pembeni yangu wanawake wa makamo wananitazama. Mwalimu akamuuliza Bonheur mama yake yuko wapi. Bonheur akaninyooshea kidole. Mwalimu akaangalia sare, akaniangalia usoni, akatabasamu vile watu wa hapa wanavyotabasamu wasipojua la kusema. Nilisikiliza habari za tabia ya Bonheur, nikaahidi kuongea naye, kisha nikakimbilia basi nirudi darasani kwangu.

Na darasani kwangu wenzangu walikuwa wakizungumza nini? Magauni ya sherehe. Safari ya ufukweni baada ya mitihani. Msichana mmoja mpole, tunayekaa naye, aliniambia yeye hataenda chuo mara moja, atapumzika mwaka mmoja kwanza.

"Unapumzika nini?" nikamuuliza.

Alidhani natania. Akacheka sana. Nilimchukia siku nzima, na hakuwa amenikosea lolote.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa na uchungu kama shubiri. Nilikuja hapa kila Jumapili nikaimba, na ndani nilikuwa nimekauka.

Shangazi yangu Daphrose, dada yake baba, anakaa Penrith. Yeye ndiye mkubwa wetu hapa Australia. Alikuja na akina mama wa maombi nyumbani kwetu, wakaniweka katikati sebuleni, wakaniwekea mikono. "Bwana, mpe moyo wa mama! Mwondolee mawazo ya kitoto!" Baada ya amina, nikaleta chai. Shangazi akaniambia, "Shule inatosha sasa. Hapo Campbelltown kuna kozi fupi ya kutunza wazee. Asubuhi unaenda, jioni uko nyumbani na watoto."

Nikasema, "Shangazi, kuna chuo kikuu kimekubali kunipokea nikifaulu mitihani. Kiko mji mwingine, nitakaa huko huko."

"Chuo cha unesi?"

"Hapana, shangazi. Upimaji wa ardhi."

"Ardhi ya nani?"

Ndugu zangu, kicheko kilichotoka pale! Mama mmoja alimwaga chai. Shangazi akaendelea, "Umekuja juzi, huna hata kiwanja cha kupanda mchicha, unataka kupima nchi ya watu! Na Divine atasukwa na nani?"

Nilikusanya vikombe. Lakini mama yangu alijua habari ya upimaji. Babu yangu alikufa ukimbizini akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba ambalo wote wawili walikuwa hawajaliona kwa miaka mingi. Nilipomwambia mama nataka kazi ya kuonyesha mpaka ulipo, bila ngumi wala panga, alicheka kidogo kisha akasema, "Mungu akupe macho." Yeye hakuuliza ardhi ni ya nani.

Watu wengi mnadhani nitakuwa nesi kwa sababu mama alikufa hospitalini. Nawaheshimu manesi waliokaa humu. Lakini mimi harufu ya hospitali nikiisikia natapika.

Sasa nafika mahali penyewe. Asubuhi moja Divine alikuwa na homa, sikwenda shule. Nilikuwa uani naanika nguo, na ile sala ya sebuleni inanirudia kichwani: mpe moyo wa mama, mpe moyo wa mama. Nikatupa shuka chini. Nikasema kwa sauti, maana nilidhani niko peke yangu, "Bwana, sitaki moyo wa mama! Namtaka mama! Na kama huwezi kumrudisha, basi usinigeuze mimi kuwa yeye!"

Hiyo si sala nzuri. Hakuna aliyenifundisha kusali hivyo. Lakini ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli tangu mazishi. Niliokota shuka, nikalifua tena. Hakuna kilichotokea, wala mwanga wala sauti. Niliendelea kuwa na hasira.

Kwetu Warundi kuna siku tunaiita kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Kabla ya siku hiyo nyumba iliyofiwa haifanyi sherehe. Ikifika, ndugu wanakusanyika, wanamtaja atakayeshika nafasi ya marehemu, naye anakubali mbele ya watu wote. Akishakubali, ndiyo imekwisha, hakuna kurudi nyuma. Sisi tuliookoka tumeondoa pombe tukaweka soda na maombi, lakini hayo mengine tumeyaacha kama yalivyokuwa. Shangazi alisema tuifanye kabla ya mahafali yangu. "Ili ushangilie vizuri," akaniambia. Nilijua nikishakubali pale, sitakwenda chuo kamwe. Nitabaki kwenye jiko lile hadi Divine aolewe.

Wengi wenu mlikuwepo ukumbini Jumamosi ile. Baada ya maombi na chakula, shangazi alifungua mkoba akatoa kitenge cha mama, kile cha kijani alichokuwa akivaa Pasaka. Akanivisha mabegani. Kilikuwa bado na harufu yake. Akasema, "Huyu ndiye mama wa nyumba ile. Mwanangu, sema umekubali." Vigelegele vikaanza.

Nilishika pindo la kitenge kwa mikono miwili.

"Sema basi, soda zinapata joto," mtu mmoja nyuma akasema, watu wakacheka.

Nikasema, "Hapana."

"Amesema nini?"

"Eti hapana."

"Shetani ashindwe!" mama mmoja akasema, na alikuwa ananitazama mimi, si shetani.

Shangazi akanishika mkono. "Amechoka tu. Sema tena, mwanangu." Nikasema tena, hapana. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nimemkataa mama yangu mbele ya watu, ndivyo ilivyoonekana.

Hapo baba akasimama. Alitembea polepole kutoka meza ya wanaume, na nilijua anakuja kunipiga. Alipofika akakitoa kile kitenge mabegani mwangu. Akakikunjua. Akajivisha mwenyewe, juu ya koti lake la suti.

Mlimwona wenyewe, ndugu zangu. Baba akasema, "Nafasi ya mke wangu ni yangu. Mimi ndiye niliyebaki. Huyu anaitwa Jeanine, na ni mtoto. Mwacheni aende shule."

Shangazi akalia, "Kaka yangu! Wewe ni mwanaume!"

"Ndiyo. Mwanaume mwenye watoto watatu."

Kijana mmoja akatoa simu ampige picha. Wanaume wengine waliziba midomo kwa mikono wasicheke. Baba alirudi mezani na kitenge chake akakaa, akamalizia soda. Shangazi aliondoka bila kuaga, na hadi leo hapokei simu zetu.

Tukiwa njiani kurudi, watoto wamelala kiti cha nyuma, baba aliniambia, "Siku ile unaanika nguo nilikuwa nimesharudi. Nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi." Akaendesha kidogo. "Hata mimi simtaki mwingine. Namtaka yeye." Tulilia wote wawili, na hatukushikana mikono. Lakini tulilia pamoja, mara ya kwanza.

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponiokoa! Mimi niliomba kwa hasira, nikidhani nasema na hewa, naye akaliacha dirisha wazi. Hakunifufulia mama. Alinirudishia baba.

Sasa msifikiri nyumbani kwetu ni mbinguni. Baba ameomba kazi ya mchana na bado hajapewa. Ugali wake una madonge, Bonheur anamnung'unikia kwa Kiingereza. Anamsuka Divine kwa vidole vilivyozoea fimbo ya kupigia deki, mtoto analia, mistari inakwenda upande. Nawaona nikiwa mezani na vitabu vyangu, na mwili unanivuta niinuke nikamsaidie. Siku nyingine nainuka. Siku nyingine baba ananiambia, "Kaa." Nikienda chuo mwakani, Divine atalia mlangoni, na mimi nitaondoka nikiwa nimeumia. Mitihani yenyewe haijafika, maana hapa mahafali hutangulia, naweza hata kufeli. Na wapo humu ndani wanaosema nina moyo wa jiwe. Nimewasikia, ukuta wa vyoo ni mwembamba. Kila nikiwaona inaniuma, na ninaendelea kuja.

Namshukuru Mungu ambaye hakukasirika niliposema ukweli. Namshukuru baba, ambaye amekaa pale nyuma na hataki nimtazame. Nawashukuru na ninyi mliolisha nyumba yetu siku zile za kwanza.

Na wewe uliyevishwa mzigo hukuuomba, ukaambiwa ni heshima, nakusihi, mtumaini Bwana! Lakini usimpambie maneno. Mwambie kama ilivyo, hata ukiwa na hasira, hata sala ikiwa mbaya. Anasikia. Mimi sikuamini, na alisikia.

Nina ombi moja kwenu. Akifiwa msichana mwingine katika kanisa hili, mpelekeeni chakula, kisha rudini tena masufuria yakiisha. Fueni nguo. Mkalisheni na vitabu vyake. Wala msimwite mama. Mama yake ndiye aliyekufa, na yeye ndiye anayemlilia.

Nami leo, tukitoka nje, atakayenipa mkono aniite Jeanine.

Amina.