Nauli Iliyokuja Baada ya Mama

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama, shikamooni mlionizidi umri. Nimeombwa niseme, nami nasema, ila msitegemee niwachekeshe. Bado linaniuma.

Nyumba yangu pale Temeke mnaijua. Niliijenga kwa mkopo wa benki, na kila mwezi nakatwa kwenye mshahara wangu wa ukarani kiwandani. Sasa mie nilikuwa na kiherehere. Kila ovataimu, kila kilichobaki, napeleka benki deni liishe upesi. Dawa ya deni si kulipa? Mama watoto akaniambia, "Baba, nusu peleka benki, nusu tuweke kwenye chama cha akiba. Mama yako kule Songea ni mtu mzima. Tukiitwa je?" Nikamcheka. Nyie wa chama nilikuwa nawaitaga wachangia chai. Mniwie radhi.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kulikuwa na ujinga humo ndani. Nimepanga vyumba mjini hapa miaka mingi. Ukimlipa mwenye nyumba miezi mitatu mbele, si unakaa miezi mitatu hakugongei mlango? Nikaamini benki nako ni hivyo hivyo. Nikibanwa nitawaambia wasinikate miezi kadhaa, maana nimeshatanguliza.

Ikaja telegramu ya dada yangu: MAMA HOI NJOO UPESI. Nyumbani hamna hata nauli ya kufika Kibamba, seuze Songea. Nikakimbilia benki. Karani wa pale, mama mmoja mpole tu, akafungua faili langu.

"Ndugu, ulizozidisha zimepunguza deni. Mwezi huu unadaiwa kama kawaida."

"Basi nirudishieni kidogo. Mama yangu anakufa."

"Hazirudi, ndugu. Pole sana."

Nikapita kwa majirani, mmoja mmoja. Mshahara bado, nani angekuwa nacho? Wote wakanipa pole. Siku ya nne ikaja telegramu ya pili. Hiyo sikuisoma hadi mwisho.

Hapo ndipo watu walipojaa uani kwangu. Akina mama wakatandika kanga chini, michango ikamiminika, na kabla jua halijazama nauli ikatimia na kuzidi. Siwalaumu, jamani. Ndivyo tulivyo sie: mgonjwa tunampa pole, msiba tunauchangia. Lakini nilipoipokea ile pesa nilitamani ardhi inimeze. Nilifika Songea nikaonyeshwa kaburi. Dada yangu akasema, "Kila basi likipiga honi alikuwa anakuulizia."

Niliporudi nilikata tamaa kabisa. Nyumba ile niliichukia, kuta zake zote. Ovataimu niliacha, kanisani niliacha, chakula nakiangalia tu. Mkaja nyie, nyie hao hao niliowacheka. Mweka hazina wetu alikaa kibarazani kwangu Jumapili tatu bila kunihubiria. Ya nne akasema, "Lete shilingi mbili tu za akiba." Nikazitoa ili aondoke, si kwamba niliamini.

Basi siku hizi benki wanakata kilicho chao, na mie sizidishi kitu mpaka akiba ya kutupeleka kwetu na kuturudisha iwe imekaa mahali pake. Deni litachelewa kuisha. Acha lichelewe. Nanyi mnaokimbilia kumaliza mikopo ya nyumba, lipeni, lakini msijiache mikono mitupu. Nawashukuru majirani, nakushukuru mweka hazina, na zaidi namshukuru mama watoto, ambaye hata siku moja hajaniambia, "Si nilikwambia?"

Mwezi uliopita ilikuja telegramu ya kwao mama watoto: mama yake mgonjwa sana. Asubuhi tulitoa akiba chamani, kesho yake akapanda basi. Alimkuta hai, akamnywesha uji kwa mkono wake. Aliponiandikia hayo nilijifungia chumbani nikalia. Nilifurahi kwa ajili yake, ndugu zangu. Na nilimwonea wivu.