Historia ya Bi Kwanini, Aliyesomea Watu

Ndugu wafiwa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, kwa niaba ya familia mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la utani la Bi Kwanini, na nitayasoma kama alivyoniagiza mwenyewe, pamoja na lile ambalo ningependa kuliruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu, fundi wa reli, na mama yetu, aliyekuwa akifua mashuka ya wodini. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akawa anarudishwa nyumbani kila mara, si kwa utoro bali kwa maswali, maana aliwahi kumuuliza mwalimu mkuu mbele ya darasa zima kwa nini walimu hawachapwi wakichelewa, na jina la utani likamganda tangu hapo. Alimaliza sekondari mwaka 1979, na mwaka 1981 akaajiriwa kuwa karani wa masjala katika hospitali kuu.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, mtu wa maneno machache aliyesema amemuoa ili asihangaike tena kutafuta cha kuzungumza, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mwaka 1999 shemeji akatutoka kwa ajali ya barabarani, na dada akahamia na wanawe katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo, ambako ameishi hadi mwisho.

Mwaka 2004, wanawe wakiwa wameshajua kujipikia, alijiunga na chuo kikuu, masomo ya jioni, kusomea sosholojia na anthropolojia, na shangazi yetu alipoelezwa kwamba huko watu hujifunza jinsi watu wengine wanavyoishi, akasema basi hiyo ni shahada ya umbea na yeye angekuwa profesa zamani, na aliyecheka kuliko wote alikuwa dada mwenyewe. Utafiti wake aliufanya uani pale pale, juu ya namna wanawake wanaochota bomba moja wanavyobebana wakati wa shida, na kwa mwaka mzima aliketi bombani na ndoo yake akisikiliza, na wenzake wakamfungulia mioyo, kwa sababu hakuwa mgeni.

Alihitimu mwezi Novemba 2007, na kwa kuwa walifundishwa kwamba utafiti ni mali ya waliotafitiwa na lazima urudi kwao, aliwaita majirani wote uani, akanunua soda, akasimama akawasomea kurasa zake kwa sauti. Watu wote humo alikuwa amewabadilisha majina, umri, kazi, hata milango, lakini maneno yao aliyaacha vile vile yalivyotoka vinywani, na alipofika kwa jirani mmoja, aliyemweleza faragha jambo la nyumbani kwake, uani wakamjua mwenzao kwa usemi wake, mmoja akacheka, wote wakacheka, na jirani yule akaokota beseni lake akaingia ndani akafunga mlango. Dada alikuwa amemwaga mtama kwenye kuku wengi, tena kwa furaha.

Alikwenda kumwomba radhi mlangoni, akaenda tena na tena, akajibiwa kwamba aliyeanikwa hadharani haombwi radhi chumbani, na dada akabaki amekwama, kwani kumwomba hadharani kulikuwa ni kumtaja, na kumtaja kulikuwa ni kumwanika mara ya pili. Aliacha nafasi ya shahada ya uzamili aliyokwisha kuipata, akabaki masjala, na kwa zaidi ya miaka minane wawili hao walichota bomba moja bila salamu, jambo lililomuumiza dada yetu kuliko ujane.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akastaafu, na tangu alipoacha kuweza kubeba maji, kila alfajiri ilikutwa ndoo imejaa mlangoni kwake, na binti yake alipotaka kuamka mapema amwone anayeileta, marehemu alimkataza, yeye aliyeuliza kila kitu tangu utoto. Alifariki tarehe 3 Machi 2018, katika hospitali ile ile aliyoitumikia.

Aliniagiza niseme hivi mbele yenu, na ninawaomba msigeuze shingo wala msianze kuhesabu milango: jirani yangu, ulichonipa kilikuwa siri yako, nikakifanya somo langu, nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu ninakuomba unisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, wafanyakazi wenzake wa masjala, walimu wake wa chuo, majirani wote wa uani, na mtu wa ndoo, ambaye na sisi hatumuulizi.

Pumzika kwa amani, dada. Leo alfajiri, mwenyewe ukiwa hupo, tumeikuta mlangoni, imejaa.