Mpiga Picha Aliyepaka Wino Jicho la Musili

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, mliotoka shambani na mlio bado dukani. Vuteni kiti. Leo tunamkumbuka mpiga picha.

Jina lake Abdulghani Yasser. Mji ulimwita Mzee Ghani. Kama ulichukua kitambulisho hapa Machakos miaka ya sabini au ya themanini, basi ile sura yako iliyokunja uso, ile unayoificha wajukuu wasiione, huenda ni yeye aliyeipiga. Amefariki Alhamisi hii, akiwa na miaka sitini na tisa. Amezikwa jana Ijumaa, baada ya swala.

Baba yake alikuja kutoka Mombasa kuuza vitambaa. Mama yake alikuwa Mkamba wa Kathiani aliyesilimu. Kwa hiyo Mzee Ghani aliomba dua kwa Kiarabu, akapatana bei kwa Kikamba, na kugombana akagombana kwa Kiswahili. Studio yake ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja na kachumba kengine ka giza ndani yake, ka kusafishia picha.

Mkewe, Bi Khadija, anasema picha zilikuwa kisingizio tu. Alichokipenda mumewe ni macho.

Ukienda kwake kupigwa picha, kwanza alikusimamisha mbele ya kioo. "Tazama jicho lako la kushoto," atakwambia. "Haya, sasa tazama la kulia. Umeyaona yakitembea?" Unajibu hapana. "Rudia." Unarudia. Hukuyaona. Halafu anamwita mteja wa pili akutazame, na huyo anacheka, maana yeye anayaona yakiruka kama panzi. Hakuna mtu hapa duniani aliyewahi kuyaona macho yake mwenyewe yakiruka kwenye kioo, wasikilizaji. Jaribuni mkifika nyumbani. Jicho likiruka, akili hufunga pazia kidogo tu, na wewe mwenyewe hujui kwamba kwa dakika hiyo ndogo ulikuwa kipofu. Mzee Ghani alikunywa soda nyingi za wabishi waliowekeana dau naye kwa jambo hilo.

Na kuna lile la kiganja. Watu walimwona akitembea sokoni mchana, mkono mmoja umefunika jicho moja, wakadhani mzee ana chongo au amelewa, naye pombe hajawahi kuionja. Siri ilikuwa kachumba ka giza. Mtu akitoka kwenye jua kali akaingia mahali penye giza, haoni kitu. Inamchukua karibu nusu saa jicho lizoee. Sasa Mzee Ghani akitoka nje kidogo kununua chai, jicho moja alilifunika lisipoteze giza lake. Akirudi ndani, anafunua, anaona chupa zake zote. Jicho la pili linapapasa bado.

"Kuuliza si ujinga," ndivyo alivyopenda kusema. Bi Khadija anacheka akikumbuka. "Alinipiga picha taa ikiwa imewashwa, akanipiga taa ikiwa imezimwa, akanipiga nikitazama ukuta. Nikamwambia, Baba Nuha, wewe utayaoa haya macho uniache mimi."

Picha hizo za Bi Khadija zilikuwa na sababu. Miaka ya tisini ilipoanza, kila mtu alitaka picha ya rangi. Filamu ilipelekwa Nairobi kusafishwa, na ikirudi, macho ya watu yalikuwa mekundu. Bibi arusi mzuri, macho ya jini. Mtoto wa ubatizo, macho ya jini. Wateja walikasirika. Mzee Ghani akachunguza mpaka akaelewa. Mboni, lile tundu jeusi la katikati, ni mlango. Gizani mlango hufunguka sana ili mwanga kidogo uliopo uingie. Flashi ikipiga ghafla, mlango haupati nafasi ya kujifunga. Mwanga unaingia mpaka ukuta wa nyuma wa jicho, na ukuta huo umejaa damu. Wekundu ule ni damu yako mwenyewe, mzima kabisa, inakusalimu.

Kujua hivyo kulimfurahisha yeye. Mteja hakufurahi. Mteja alitaka macho meusi. Basi Mzee Ghani akanunua burashi nyembamba ya nywele chache na wino mweusi, na kila picha ilipotoka Nairobi alikaa na bintiye Nuha wakipaka wino mboni moja moja. Kazi safi. Watu walitoka Masii, walitoka Kyumbi, wakimtafuta yule asiyetoa picha za majini. Mkumbukeni huyu, wasikilizaji: mtu aliyesifiwa kwa kupaka wino.

Mwezi wa nne, mwaka wa 1994, alikuja mama kijana kutoka Masii, akiitwa Ndinda, na mtoto wake wa kwanza, Musili. Musili alikuwa na mwaka mmoja na nusu, amevaa kofia ya sufu, na alikataa katakata kutoa kidole mdomoni. Picha ikapigwa. Filamu ikaenda Nairobi, ikarudi. Jicho la kulia la Musili lilikuwa jekundu kama macho ya wengine wote. La kushoto lilikuwa jeupe. Jeupe kama kipande cha sahani.

Nuha alikuwa na miaka kumi na saba. Anaikumbuka siku hiyo. "Nilimwambia, Baba, hili ni jeupe. Akalitazama kwa muda mrefu. Akasema hajawahi kuona. Nilifikiri atataka kujua, kwa vile nilivyomjua. Lakini kulikuwa na picha za harusi zinangoja, na mwenye harusi yuko mlangoni. Akachovya burashi."

Akachovya burashi. Jicho jekundu likawa jeusi, na jicho jeupe likawa jeusi. Ndinda alipokuja kuchukua picha alifurahi sana.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Ndinda akarudi studio, amembeba Musili mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Jicho la kushoto lilifunikwa kwa pamba na plasta. Madaktari wa Nairobi walikuwa wamelitoa. Kulikuwa na uvimbe ndani, nyuma kule, aina mbaya inayowapata watoto wadogo. Walisema mtoto ataishi. Walisema pia kwamba kama angeletwa mapema, labda jicho lingeokolewa.

Ndinda akaweka ile picha juu ya meza. Alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia.

"Mzee, nataka unipanulie hii, ikuwe kubwa. Mama mkwe ananiambia mimi ni mama gani, eti sikuona jicho ya mtoto imeharibika. Ati daktari ameuliza kama kulikuwa na kitu nyeupe. Sasa angalia wewe mwenyewe. Kuna nyeupe hapa?"

Wasikilizaji wapendwa, Mzee Ghani alikuwa amesimama upande wa pili wa meza hiyo, na burashi yenyewe iko kwenye kikombe pale pale. Alichoweza kusema ni: "Rudi Alhamisi, Mama Musili."

Hakula siku hiyo. Alimweleza Bi Khadija yote. Angeweza kumpanulia yule mama picha yake, akampa, mama mkwe akanyamaza, na dunia isingejua. Wino ule ungemsafisha Ndinda na ungemficha yeye. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuna methali ya mtu aliyeficha maradhi ya mtoto wa mwenzake.

Bi Khadija alimjibu hivi: "Mpe aliyoiomba. Na ile nyingine mpe pia."

Alhamisi ilipofika aliweka picha mbili juu ya meza. Moja kubwa, macho meusi. Nyingine kubwa vile vile, imesafishwa upya kutoka negativu, ile filamu yenyewe, bila wino. Ndinda akatazama hii, akatazama ile, akarudi kwa hii. Nuha anasema macho yake yalikwenda na kurudi hivyo kwa muda ambao kwake yeye ulikuwa mwaka.

"Ni nani alipaka hii?"

"Ni mimi."

"Uliona?"

"Niliona. Sikujua ni ugonjwa, Mama Musili. Wallahi sikujua. Lakini niliona, na nikafunika."

Ndinda alichukua kalamu iliyokuwa mezani, akamsukumia. "Andika."

Mzee Ghani akaigeuza ile picha ya jicho jeupe aandike nyuma. Ndinda akaigeuza tena.

"Si huko nyuma. Nyuma hakuna mtu husoma. Andika hapa chini, kwa hii nyeupe."

Akaandika kwenye ukingo wa picha, kwa mkono wake: "Jicho hili lilionekana kwenye picha tarehe kumi na sita mwezi wa nne 1994. Mimi Abdulghani Yasser wa Machakos nililipaka wino. Mama yake hakuonyeshwa." Akatia sahihi. Ndinda akasoma neno kwa neno. Ile ya macho meusi akaiacha mezani. Akatoka bila kuaga.

Picha hiyo ilimfikia mama mkwe, na maneno yakaisha. Kisha Ndinda akaipeleka kwenye zahanati ya kule kwao, muuguzi akaitundika ukutani, mahali kina mama hungojea zamu. Ikakaa pale na jina la Mzee Ghani chini yake. Habari haina miguu lakini hufika. Wenye harusi walianza kwenda studio nyingine. Yeye alitupa burashi, akaweka kibao mlangoni: Hapa hatupaki macho. Aliyetaka macho meusi aliambiwa atazame kwanza balbu kali, mboni zijifunge, ndipo apigwe. Wengine walitoka machozi. Wengine walimtukana.

Mwaka 1999 aliingia bibi mmoja, Mbula, akimvuta mjukuu wake mkono. Mjukuu huyo ni Kavindu, miaka miwili. Mbula alikuwa ameketi chini ya ile picha zahanatini, akimngoja muuguzi kwa ajili ya miguu yake mwenyewe.

"Wewe ndiye ule wa jicho?" akauliza.

"Ndiye mimi, nyanya."

"Basi angalia huyu. Jioni nikiwasha taa, hii jicho yake inang'aa kama ya paka. Baba yake anasema mimi ni mzee, sioni vizuri."

Mzee Ghani akamketisha mtoto penye kivuli, akazima taa, akangoja. Aliwahi kusoma kwamba hata jicho zima linaweza kutoa weupe, mwanga ukiingia kwa pembe fulani, na hakutaka kumtisha mtu bure. Akampiga picha kutoka mbele. Akampiga kutoka kulia, kutoka kushoto, akitazama juu, akitazama mdoli. Akamaliza filamu nzima kwa mtoto mmoja. Hakungoja siku ya kupeleka. Alifunga studio akaenda Nairobi mwenyewe, akaketi kwenye benchi mpaka picha zikatoka. Katika karibu zote, popote alipotazama, jicho lile lile lilikuwa jeupe.

Alikwenda nazo mpaka kwa baba yake Kavindu. Baba hakuamini mara moja. Alisema ni flashi tu. Mzee Ghani akamwambia: "Mwanangu, mimi nilisema hivyo mara moja. Nenda Masii ukaone nilichoandika." Kesho yake mtoto alikuwa hospitalini. Uvimbe ulikuwa bado mdogo. Walimtibu kwa miezi, na jicho halikutolewa. Leo Kavindu ana miaka kumi, yuko darasa la nne, na jana alikuwa kwenye matanga akigawa vikombe vya chai, macho yote mawili usoni pake.

Mzee Ghani alimwomba Mbula ampelekee Ndinda habari hiyo. Mbula akaenda, akarudi. Ndinda amesema nini? Amesema, "Nimesikia." Basi. Nimesikia.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo palipomchoma. Alitaka neno moja kutoka kwa Ndinda. Hakuthubutu kwenda kuliomba, aliona si haki yake kuomba. Alingoja. Nuha anasema kila alipokuja kumsalimia baba yake, swali lilikuwa lile lile: "Kuna mtu wa Masii amepita?" Hakumtaja jina. Hata wiki hii, kitandani, pumzi zikiwa fupi, aliuliza. Nuha akamwambia, bado, Baba.

Jana jioni tulitangaza kifo hiki hapa redioni. Baada ya taarifa simu ililia, na ilikuwa simu ya Masii. Ndinda. Ametupa ruhusa tuwasomee maneno yake, na nitawasomea yalivyo.

"Huyo mzee nilimsamehe 1998. Nilikuwa napalilia mbaazi, Musili akaniita kutoka mbali, ameona gari ya baba yake kabla yangu, na ako na jicho moja. Nikacheka, na ile kitu ikanitoka roho. Nikasema wiki ijayo nitaenda Machakos nimwambie. Wiki ijayo ikawa mvua. Halafu ikawa mavuno. Mbula alipokuja nilikuwa nimeshasamehe, lakini neno kama hilo huwezi tuma mtu. Nilisema nitaenda mwenyewe. Miaka tisa nimekuwa nikienda mwenyewe. Sasa mnaniambia amezikwa."

Halafu akatuuliza kama mkewe yuko hai. Tukamwambia yuko. Asubuhi ya leo Ndinda na Musili wamefika nyumbani kwa Bi Khadija, na bado wako huko.

Kwako Bi Khadija, kwako Nuha, wajukuu na majirani wote wa nyuma ya soko, poleni. Mungu ampe Mzee Ghani nuru kaburini, na awape ninyi subira. Wazazi, watazameni watoto wenu machoni, na mkiona weupe msingoje wiki ijayo.

Na wewe msikilizaji uliyemsamehe mtu zamani, na yeye hajui. Kwako wewe kipindi kimeishia hapa. Zima redio uende.