Mama Ngoja na Dakika Kumi na Tano

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Ngoja anarudisha kitambulisho na kuiaga idara yetu ya tahadhari.

Aliingia akiwa mpokea simu. Wananchi walipoanza kuandika habari za mafuriko mtandaoni kabla ya kutupigia, yeye ndiye aliyejifunza kuuleta ujumbe wao kwenye skrini zetu papo hapo unapoandikwa. Kwa wasioijua kazi hiyo: akaunti yetu hupewa na mtandao huo muunganisho mmoja tu. Ukifungua wa pili, wa kwanza hukatika. Ukikatika, unasubiri kidogo ndipo ujaribu, ukishindwa unasubiri mara mbili zaidi. Mwenye papara hufungiwa kwa muda.

Jina lake lilitoka hapo. Muunganisho ukikatika, aliiondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia, akahesabu kwa sauti. Tulimcheka weee, kisha nasi tukaanza kukalia yetu. Binti yake alipoulizwa shuleni mama anafanya kazi gani, alijibu kwamba mama hulipwa kwa kusubiri. Hilo Mama Ngoja hulisimulia kwa fahari kuliko cheti chochote alichopewa.

Mara tatu alituwezesha kuwahamisha watu kabla maji hayajafika milangoni mwao.

Lakini jalada lake lina barua ya onyo. Miaka sita iliyopita, mchana wa mvua kubwa, muunganisho ulikatika, mtu akabonyeza kitufe cha kuunganisha upya mfululizo, tukafungiwa dakika kumi na tano. Katika dakika hizo familia moja iliomba msaada ikiwa juu ya paa, wala hatukuuona ujumbe wao. Waliokolewa baadaye, ila baba alikuwa amekwishavunjika mguu akijaribu kushuka, na mpaka leo anachechemea. Ripoti ilimtaja Mama Ngoja, naye akatia saini. Ukuu wa kitengo ukampita.

Aliyebonyeza ni mimi. Nilikuwa na wiki tatu kazini, bado nikiwa kwenye majaribio, na mke wangu akiwa na mimba ya miezi saba. Nilifungua muunganisho wa pili kujaribu programu yangu, nikaukata ule wa ofisi, kisha kiwewe kikanishika. Mama Ngoja aliniambia nikalie mikono yangu, akaenda kwa mkuu peke yake. Nami nikanyamaza. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Niliombwa maneno ya kuchangamsha sherehe, mniwie radhi. Asubuhi hii nimempelekea mkuu wa idara ukurasa huu pamoja na barua yangu, nikiomba onyo lile litolewe kwenye jalada lake kabla ya Ijumaa, liingie kwenye langu.

Asante, Mama Ngoja. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watundu. Umeningoja miaka sita niseme. Nimesema. Nenda kapumzike, mama.