Nyumba Isiyo na Ngazi

Sogeeni karibu, wanangu, wote watatu, na wewe Duane tia hiyo simu mfukoni, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kushindana na mlio wa simu. Marlys, shika kiti changu hapo nyuma. Usinisukume kama toroli la dukani, nisukume kama mama yako. Twila, zungusha magurudumu ya kiti chako uje huku ubavuni, nataka nikuone ninaposema. Leo nitawatembeza katika nyumba hii chumba baada ya chumba, na najua mnashangaa, kwa nini mtu atembezwe ndani ya nyumba aliyokwisha kuijua. Nitawaambieni. Jana mlidhani nimelala.

Nilimsikia yule bwana mliyemleta kutoka mjini, akipita na utepe wake wa kupimia, akisema jiko limekaa vizuri na sebule ina mwanga, ila milango ni mipana kupita kiasi na bafu linafanana na la hospitali, wanunuzi hawalipendi bafu la namna hiyo. Nikakusikia wewe Duane ukimjibu, "Hayo yatarekebishwa. Dada yangu atakuwa amehamia kwenye makao ya kutunzia wasiojiweza kule mjini." Ulisema kwa upole, kama mtu anayeelezea hali ya hewa. Na wewe Marlys ukamfungulia mlango wa chumba kilichofuata. Huko kufungua kwako nako nilikusikia vizuri sana.

Basi tuanzie mlangoni, pale alipoanzia bwana yule wa utepe.

Tazameni chini. Hakuna kizingiti, hakuna kipandio, sakafu imelala toka ukumbini mpaka barazani na toka barazani mpaka kwenye changarawe. Mnapita hapa kila mnapokuja bila kuangalia. Mimi Arlene Kratochvil nililala na kuamka nikiugombania usawa huu, kwa sababu nilikuwa nimeolewa katika nyumba ya mama mkwe wangu, ile ya ghorofa iliyokuwa kule juu ya kilima, yenye ngazi nyembamba mno hata kikapu cha nguo kilikuwa kinapita kwa ubavu. Wewe Twila ulikuwa na miaka kumi na sita farasi alipokuangusha ukavunjika mgongo kwenye mashindano ya kuzunguka mapipa, watu wote wa kaunti wamekaa wanatazama, na ulipofikishwa hospitali daktari alinivuta pembeni akaniambia, "Mama, kuna mahali pazuri pa kuwatunza watu kama hawa." Nikamwambia, "Mtu kama huyu anaitwa Twila, na anarudi nyumbani."

Tukamrudisha, tukamlaza kwenye chumba cha kulia chakula kwa kuwa vyumba vyote vya kulala vilikuwa juu, na kila Jumamosi baba yenu Emil, Mungu amrehemu, alimbeba mgongoni kumpandisha bafuni, mpaka siku aliyoteleza wakaanguka wote wawili katikati ya ngazi. Hawakuumia. Lakini Twila alikaa pale kwenye ngazi akamwambia baba yake, "Baba, usinibebe tena. Mimi si gunia la ngano." Emil akatoka nje akaenda kusimama na ng'ombe. Mimi nikang'oa kalenda ya duka la mbegu ukutani, nikaigeuza, nikachukua penseli nikachora nyumba hii. Sikujua kuchora. Nilijua tu vitu nisivyovitaka.

Nisukume mpaka jikoni, Marlys. Taratibu hapo penye zulia.

Hii kaunta mnaiona ilivyo fupi. Fundi aliniambia, "Mama, ukikata mboga hapa mgongo utakuuma." Umeniuma. Niliinama hapa kukanda unga wa kolache, vile vimikate vyetu vitamu vya matunda, vya Krismasi na vya Pasaka na vya kila msiba wa parokia, na nikiinama nilikuwa namwona Twila ng'ambo yangu naye anakanda, unga umemganda mpaka kwenye nyusi, ananiambia, "Mama, wako umekauka, ongeza maziwa." Sijutii hata siku moja ya maumivu yale. Na mnauliza kwa nini hakuna ukuta kati ya jiko na sebule. Siku hizi nasikia nyumba zote mpya zinajengwa hivyo, watu wanasema ndiyo usasa. Mimi sikuwa natafuta usasa. Kwenye nyumba ile ya ghorofa, kila mgeni aliyekuja kutupa pole alimsalimia Twila, kisha akaingia jikoni, akarudisha mlango, akaanza kumzungumzia. Nikasema nyumba yangu haitakuwa na mahali pa kumsengenyea mwanangu. Anayetaka kusema habari zake aseme mbele yake, au akasemee shambani. Jana nyinyi mliona mfanye nini? Mlikwenda kunong'onea kwenye korido.

Hapana, Duane, usinikatize. Zamu yako itakuja.

Baba yenu mkubwa Otto alikuja hapa wakati misingi inachimbwa. Alisimama na kikombe changu cha kahawa mkononi, akacheka, akasema, "Arlene, unajenga nyumba au uwanja wa ndege? Mnakwenda kumaliza jasho la baba yetu kwa ajili ya kiwete ambaye hata mume hatapata." Twila alikuwa garini, dirisha liko wazi. Nikamwambia, "Otto, shemeji yangu, kahawa ikiisha kikombe kiweke hapo kwenye matofali, na njia ya kurudi kwako unaijua." Hakubeba hata ubao mmoja. Waliokuja kupandisha paa walikuwa majirani, na padri aliyevua kola yake akashika nyundo, na Emil aliyekuwa amewauza fahali wake wawili aliowapenda kuliko viatu vyake vya kanisani, wala hakuwahi kunitajia fahali hao tena.

Sasa fungua mlango huu wa stoo. Gusa ukuta. Zege tupu, na chuma ndani yake. Watu wote wa huku wanachimba chumba chini ya nyumba cha kujificha kimbunga, na fundi alikwishaleta mashine ya kuchimba, nikamuuliza, "Na huko chini atashukaje?" Akasema, "Si atabebwa?" Nikamwambia afunge mashine yake. Chumba hiki kikawekwa hapa katikati, sawa na sakafu, na watu wakanicheka kwamba nimejenga jela ya kuhifadhia chupa za viazisukari vyekundu vya siki. Mwaka ule kimbunga kilipokuja kutoka kusini-magharibi, Otto na mkewe walikuwa njiani, hawakuwahi kufika kwao, wakaingia hapa mbio, tukakaa wote tumebanana, taa zimezimika, nyumba inalia. Twila akasema gizani, "Baba mkubwa, nafasi inakutosha? Kama inakubana unaweza kungojea kwenye uwanja wa ndege." Nilimsikia mkewe Otto anacheka huku analia. Walipotoka, paa la nyumba yao lilikuwa kwenye shamba la mtu mwingine. La kwetu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Otto hajawahi kusema samahani, na mimi sijawahi kuidai, lakini sijasahau, na sitajifanya nimesahau kwa sababu eti nakufa.

Nipumzisheni kidogo. Maji. Asante.

Twendeni upande wa vyumba vya kulala. Hiki kikubwa, chenye bafu lake na dirisha la magharibi, katika ramani za nyumba za namna hii ni cha baba na mama. Nilimpa Twila. Mimi na Emil tulilala kile kidogo kando ya mashine ya kufulia, nikawa nalala na sauti ya nguo zinazozunguka mpaka mume wangu alipofariki. Marlys, wewe ulikuwa mdogo, na siku tuliyohamia ulisimama hapa hapa ukaniuliza, "Mama, na mimi nivunjike ndipo nipate chumba kikubwa?" Naona unalia. Usilie, ni swali la mtoto, na nililibeba miaka yote kwa kuwa sikujua namna ya kulijibu. Leo najua. Chumba hiki hakikuwa tuzo ya kuvunjika. Wewe nilijua utakuja kuwa na gari na barabara ya kwenda Denver na popote utakapo, na ndivyo ilivyokuwa. Yeye kutoka kulimchukua saa nzima, na wakati wa theluji hakukuwa na kutoka kabisa. Nikaona nimpe dirisha linaloonyesha farasi. Ningekuwa na dirisha jingine kama hili ningekupa na wewe, mwanangu. Sikuwa nalo.

Mbele. Hapa ndipo ilipokuwa sebule ya wageni, yenye viti tulivyokuwa hatuvikalii, na sasa ni karakana ya Twila. Vuteni harufu. Ngozi na nta. Matandiko haya ya farasi yanakwenda mpaka Texas na Montana, na watu wanaoyataka hungojea zamu yao mwaka mzima, na aliyeyashona hajawahi kumwomba mtu yeyote kwenye familia hii nauli wala chakula. Nawe Duane, mkeo alipokuacha, ulikuja hapa majira ya baridi ukakaa mpaka ngano ilipoota, hujinyoi, husemi. Ni nani aliyekuwa anakugongea mlango asubuhi? Ni nani aliyekupa sindano na uzi wa kushonea ngozi akakwambia, "Kama huwezi kulala, shona"? Halafu jana unamwambia mtu mwenye utepe kwamba huyo ndiye wa kupelekwa akatunzwe.

Sema sasa. Nimesema zamu yako itakuja, ndiyo hii.

Ndiyo. Nimekusikia. Unasema unaogopa, kwamba ataanguka peke yake asijulikane, na wewe uko mbali. Hiyo ni hofu ya haki na sikudharau kwa ajili yake. Lakini hofu yako ipande gari ije kumtembelea. Isimhamishe yeye.

Sikilizeni sasa, haya ndiyo niliyowaitia. Malisho ya magharibi na ng'ombe wote ni ya Duane. Shamba la ngano lililoko ng'ambo ya kijito ni la Marlys, alikodishe au alime, ajue mwenyewe. Nyumba hii si yangu tena. Wakili alikuja wiki iliyopita, tukakaa pale kwenye kaunta fupi, nikatia saini kwa mkono wangu huu, na tangu siku ile mnakanyaga sakafu ya Twila. Jana mlimleta mtu kupima nyumba ya mwenyewe bila kumbishia hodi.

Twila, mbona umekunja uso?

Ati nini? Rudia wenzako wasikie.

Anasema, "Mama, na wewe pia hukuniuliza."

Haya. Haya, ni kweli, nimewasema hawa nikajiacha mwenyewe. Nakuuliza basi mbele yao. Unaitaka? Sema lolote. Ukitaka kuiuza ukaishi Montana na farasi wa watu, sema.

Mmesikia? Anaitaka. Lakini anasema chumba chetu kile kidogo atakibomoa ukuta, apanue karakana, aajiri mtu wa pili. Na vile vyuma vya kushikia ambavyo Emil alivipigilia kila pembe ya chumba chake atavikata, kwa sababu hajavishika tangu alipokuwa msichana, anatundikia makoti tu, alikuwa anamwonea baba yake haya. Miaka yote hiyo nilikuwa navifuta vumbi. Usiniombe radhi, Twila, unaona mwenyewe ninavyocheka, ni kifua tu kinachouma. Bomoa. Kata. Nyumba niliyoichora kwenye kalenda siyo Injili.

Nirudisheni sebuleni, penye jua. Nimechoka sasa.

Yaliyobaki ni machache. Otto magoti yake yamekwisha, na nyumba aliyoijenga upya ina ngazi, nasikia analala kwenye kiti jikoni. Akija hapa mwacheni apite, milango inamtosha. Twila ataamua kama anampa kahawa. Mimi nisingempa, lakini mimi sitakuwapo.

Mama mkwe wangu alifia chumba cha juu katika nyumba ile ya kilimani. Jeneza likakwama kwenye kona ya ngazi. Wanaume sita wamelishika, hawawezi kwenda mbele wala kurudi, mwisho wakalisimamisha wima kama kabati, na sisi tunasikia huko ndani yule mama anateleza kwenda miguuni. Nilikuwa nimebeba mshumaa. Nikaapa. Mimi nitatolewa nimelala. Mtanipitisha koridoni, mtanipitisha ukumbini, mtanitoa mlangoni, na hakuna atakayeinama wala kuniinamisha. Wekeni hata glasi ya maji juu ya kifuniko... haitamwagika.

Msimlipe mtu wa maua. Masuke ya ngano yanatosha.

Duane, njoo, inamisha kichwa. Mungu akupe usingizi. Marlys... mkono wako uko wapi. Mungu akufungulie kila barabara, na hii ya kuja hapa. Twila, wewe sikuombei nguvu, unazo. Nakuombea wateja wasumbufu wachache.

Na nyote, Mungu awape nyumba... mtakazoweza kuziingia hata siku ambayo miguu imekataa. Na ndani yake awepo mtu... mtu wa kusema karibu, bila kutazama saa.

Basi. Niacheni hapa. Nendeni mkale, chakula kinapoa.