Papa Kanyamibwa, Fundi wa Rulma za Chukudu, Anapumuzika

Miaka makumi tatu na moja katika atelie yetu ya kutengeneza chukudu hapa Rubaya, na siku ya posho, yaani jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019, Papa Kanyamibwa anaweka nyundo chini. Mabega njo yamekataa. Yeye mwenyewe angeendelea mpaka tumutoe kwa machela.

Chukudu, ile kinga, baiskeli yetu ya mbao inayobeba viazi na makala, inatembea juu ya rulma, pete ya chuma yenye vigololi ndani. Kazi yake ilikuwa kuikalisha rulma kwenye tundu la gurudumu. Ikibanwa sana, muti unapasuka. Ikilegea, inacheza, inakula tundu. Alipangusa tundu kama unavyopangusa sikio la mutoto, akapitisha kidole kutafuta punje ya muchanga, kisha akagonga polepole na kipande cha muti, ukingoni tu. Mwenye kugonga kwa chuma alitukanwa pamoja na ukoo wake. Na mbao ikiwa imelowa hakuigusa, kwa sababu muti ukikauka tundu linapinda, rulma inacheza, na ajali inakungojea kwenye mutelemuko. Wasukuma chukudu walimuita Papa Ngoja-Ikauke. Walimucheka, lakini walirudi.

Mwaka wa 2012 vita vilitufukuza, tukashika njia ya Ntoto. Kanyamibwa alimusukuma juu ya chukudu bibi yake wa ndoa, Murekatete, aliyevunjika nyonga. Nyuma yao Athanase, musukuma chukudu mumoja, alimusukuma bibi yake Consolée, uchungu wa kuzaa umeshamushika. Hapo rulma ya Athanase ikavunjika. Alikuwa ameikalisha mwenyewe, kwa nyundo ya chuma, na tundu lilikuwa limepanuka kama mudomo wa mulevi. Rulma ya akiba hakuna. Risasi ziko kilimani nyuma yetu.

Kanyamibwa aliangalia pembeni. Murekatete njo alisema: "Toa yangu, umupe. Mimi nilishazaa." Akapasua ukingo wa kitenge chake ili tundu lijazwe.

Athanase alilia: "Papa, piga tu, twende!"

Hakupiga tu. Alipangusa, akazungushia kitambaa, akagonga polepole, watu wakitupita mbio. Gurudumu lilishika mpaka Ntoto. Mutoto wa Consolée, Kétsia, alizaliwa kule, sasa iko anasoma, na mudomo wake haufungi.

Murekatete alibebwa mugongoni. Hakufika. Tulimuzika kando ya njia, bila sanduku.

Kanyamibwa alirudi kazini. Tusidanganyane: kazi njo ilimushikilia asianguke. Mimi ninayekata mipira ya magurudumu nimekaa karibu naye, nimeona. Ndiyo sababu leo tunacheka na kuogopa pamoja: bila nyundo, atashikiliwa na nini?

Asante, Papa, kwa kila muntu aliyefika salama juu ya kazi yako. Tunakuombea siku ndefu zenye amani. Lakini maombi hayashibishi: kila jumapili sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iko kwangu. Usipokuja, nitakuja na sufuria, nikae mbele yako mpaka umalize.