Fundi wa Mapangaboi na Dari la Kaka Yake

Shangazi yetu, ambaye mafundi wenzake walimwita Mama Feni, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni kaka yake, ambaye ndiye baba yangu mzazi, na ambaye sasa hivi amekaa mstari wa mbele akijifanya anasoma ratiba. Duka lile lilikuwa na feni mbili za dari, mapangaboi ya chuma yenye mapanga matatu kila moja. Mchana watoto wale wawili walilazwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na kila mmoja alikuwa na feni yake ya kuitazama mpaka usingizi umchukue.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1969 na sekondari mwaka 1973. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea umeme, msichana peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja. Siku ya kwanza mkufunzi alimwelekeza kwenye darasa la upishi, akidhani amepotea njia. Marehemu alimjibu kwa adabu zote kwamba yeye hajapotea, ila swichi ya darasa walimosimama imefungwa kichwa chini. Ilikuwa kweli. Alihitimu mwaka 1976 akiwa wa pili, na mpaka pumzi ya mwisho msimamo wake ulikuwa kwamba wa kwanza alinakili.

Januari 1977 aliajiriwa hospitalini kama fundi umeme, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Machi 2016. Mwaka 1989 hospitali ilibadilisha feni za wodini, na zile za zamani zikatupwa uani nyuma ya jiko. Marehemu aliomba barua ya ruhusa, akaipata, akazihamishia kwake feni kumi na moja kwa mkokoteni. Hapo ndipo ugonjwa wake wa kwanza ulipoanza, ule usiokuwa na dawa. Zikafuata feni za madarasa yaliyobomolewa, za kumbi, za ofisi zilizofungwa. Anapotutoka ziko arobaini na tatu. Nne zinazunguka darini, zilizobaki ziko chini ya vitanda, na mgeni aliyelala pale anajua kwamba viatu vyake vilikosa pa kukaa.

Alizisuka mota upya kwa mkono, akihesabu mizunguko ya waya kimoyomoyo. Ukimsalimu katikati ya hesabu hujibiwi, hata ungekuwa nani. Jirani mmoja alipiga hodi, akangoja, akakata tamaa, akaondoka zake. Robo saa baadaye Marehemu alimkuta sokoni, akihema, amemfuata mbio kumwambia, "Karibu."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mwalimu wa hesabu aliyekuja hospitalini kulalamika kwamba feni iliyokuwa juu ya kitanda cha mama yake inapiga kelele. Mwalimu mwenyewe husema alikwenda kushitaki akarudi na mchumba. Mungu aliwajalia binti na mtoto wa kiume, ambao wote wawili walijifunza kutembea huku wakishikilia mapanga ya feni yaliyoegeshwa ukutani.

Sasa lipo jambo ambalo Marehemu aliagiza lisirukwe.

Baba yao alifariki Agosti 2009. Oktoba mwaka huo duka lilifungwa, na kila mtoto akapewa feni moja. Marehemu alizishusha zote mbili siku moja, akazisafisha, akayapaka mapanga rangi mpya, akamfungia kaka yake ya kwake. Ikawa inayumba. Kwenye kikao cha familia baba yangu alisimama akasema dada yake amejichukulia nzima, akamletea yeye mgonjwa. Marehemu naye akasimama, mbele ya wengi wenu mliopo hapa, akasema feni haina tatizo lolote. Dari ndilo limepinda, na aliyelipiga anajijua.

Dari lile baba yangu alikuwa amelipiga kwa mikono yake. Lakini fundi wa hospitali akisema limepinda, wewe karani wa posta utabisha nini? Akalibomoa, akalipiga upya. Feni ikayumba. Mwaka uliofuata akalibomoa tena. Ikayumba vilevile. Baada ya hapo hakutia mguu kwa dada yake tena, na baina ya nyumba zao kuna mitaa minne tu.

Mwaka 2021 Marehemu aligundulika na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aprili mwaka huu wa 2023, alipokuwa haamki tena bila kushikwa, alimtuma mumewe akamwambie kaka yake aje, na aje na mapanga ya feni yake. Baba alikuja nayo yamefungwa kwenye shuka, uso umemvimba kwa hasira. Shangazi akaomba wembe, akakwangua rangi upande wa nyuma wa mapanga yote sita, matatu ya kaka na matatu ya kwake ambayo mumewe alikuwa ameshayashusha. Chini yake palikuwa na namba zilizogongwa kiwandani, kwa sababu mapanga ya feni moja hupimwa uzito kwa pamoja, hupewa namba moja, na hayachanganywi. Ya baba yalikuwa kumi na nane, kumi na nane, na kumi na saba. Ya Shangazi yalikuwa kumi na saba, kumi na saba, na kumi na nane. Alipaka rangi kabla ya kusoma. Ni kosa ambalo angemtimulia mwanafunzi wake.

"Nilijua tangu wiki ile ya kwanza, kaka. Yangu nayo ilikuwa inayumba."

Baba alihamisha panga moja huku na moja kule, mpaka namba zikalingana. "Nimebomoa dari mara mbili."

"Najua. Nilikuwa napita kwa mbali nakuangalia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, huyu mtu anafanya kazi safi."

Baba alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha akamwambia, ulilisema mbele za watu, ukaliondoe mbele za watu, mimi mwenyewe nitakubeba. Shangazi akajibu kwamba watu wengi hivyo watajaa siku moja tu, na siku hiyo atabebwa kweli. Akaniita, akanitajia maneno, nikaandika. Alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Maneno yenyewe ni haya: "Dari la kaka yangu halikupinda, siku ile wala kabla yake. Niliyekosea ni mimi, nikaona aibu, nikamwachia yeye nyundo. Naomba anisamehe mkiwa mnasikia."

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na kaka mmoja. Kaka huyo alipopewa karatasi hii aipitie kabla ya kuchapwa, alifuta sentensi zote zilizomsifu yeye, na pembeni akaandika kwa kalamu ya risasi: "Nimesikia, dada. Lala."

Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko lenye utulivu.